Mwaka wa Kupima Kinamasi

Msanifu wa majengo alipata habari ya ujauzito wake akiwa amesimama katikati ya kinamasi, maji yakiwa yamevuka vifundo vya miguu, amevaa mabuti ya mumewe yaliyompwaya. Simu ilitoka maabara. Aliyepiga alimsomea majibu kwa sauti ya mtu anayesoma orodha ya vifaa, kisha akauliza, "Umenisikia, mama?"

Alikuwa amesikia. Alikuwa na miaka arobaini na miwili, ndoa yake ilikuwa na miaka kumi na minane, na watu wa ukoo walishaacha hata kumuuliza habari za mtoto. Akabaki pale na simu sikioni, akiwatazama kereng'ende wawili walioshikana juu ya jani la yungiyungi. Ukungu wa asubuhi ulikuwa bado haujainuka. Mabuti yakaanza kuzama taratibu.

"Bosi," sauti iliita kutoka ukingoni, "ukikaa hapo dakika mbili zaidi nitakuandika kama kigingi."

Huyo alikuwa mpima ardhi, mwanamume wa miaka hamsini na ushei, mwembamba, mkimya, shati limechomekwa hata akiwa topeni. Watu walimwita Milimita. Hakuna aliyewahi kumsikia akisema kitu kina urefu wa "kama mita mbili hivi".

Eneo lile lilikuwa la baba yake msanifu. Marehemu alikuwa fundi saa, mtu wa kuinama mchana kutwa na kioo jichoni, na alilinunua zamani kwa sababu ambayo hakuna aliyeielewa, maana halilimiki wala halifai kwa mifugo. Upande mmoja palikuwa na barabara na ukanda wa ardhi kavu. Kutoka hapo ardhi iliteremka polepole hadi kwenye matete, mafunjo na maji meusi yaliyotulia. Mwisho kabisa, ng'ambo, ilikuwepo safu ya nyumba za zamani za watu waliozoea kulala na kelele za vyura. Baba alipofariki, eneo likawa la watoto wake wawili: msanifu, na mdogo wake, mkandarasi ambaye mji mzima ulimwita Zege.

Jina lilimkaa. Zege alikuwa mtu mkunjufu, mwenye sauti ya kupita ukuta, na hakuna kitu alichokiamini duniani kama saruji, mchanga na kokoto. Aliwahi kwenda kumsalimia mama mkwe wake, akaudhika na tope la uani, na kabla hajaaga alikuwa ameshaumwagia zege ua mzima pamoja na maua ya watu.

"Nyumba sitini," alimwambia dada yake siku ya kwanza, ameegemea gari, anachora hewani kwa kidole. "Tunamwaga kifusi kuanzia hapa mpaka kule, tunashindilia, tunapiga lami katikati, ukuta kuzunguka. Wewe nichoree tu."

"Na maji yaende wapi?"

"Maji yatajijua. Maji ni watu wazima."

Msanifu alicheka, kwa sababu mdogo wake alikuwa anachekesha, lakini hakukubali. Alikuwa amewahi kuchora nyumba za kutosha juu ya vifusi vya watu wengine, na alizijua nyufa zake kwa majina. Wakabishana wiki nzima. Mwishowe wakaafikiana: watajenga, ila yeye atamaliza kuchora baada ya kupima kiangazi kizima na msimu mzima wa mvua.

"Mwaka?" Zege aliuliza. "Dada, kinamasi hakina miguu. Kipo palepale. Kinapimwa siku moja."

Milimita aliendelea kufungua sanduku la darubini yake ya kupimia vimo.

Walipigilia vigingi arobaini kwenye eneo zima, kila kimoja na namba yake, na kila Alhamisi Milimita alisoma kimo cha kila kigingi akilinganisha na msumari alioupigilia kwenye kalvati ya barabara, mahali pasiposogea. Wiki ya tatu alipeleka darubini kwa fundi akidhani imeharibika. Fundi akamrudishia, akasema haina neno. Wiki ya nne alisoma tena, akafunga daftari, akaja mpaka alipokuwa msanifu na kumwambia kwa sauti ya chini, kama mtu anayetoa siri ya jirani.

"Ardhi haijatulia, bosi. Maji yakipungua inashuka, yakiongezeka inapanda. Mvua ile ndogo ya juzi imeinua kigingi cha saba milimita kumi na mbili. Nimesoma mara tatu."

"Inapanda yote?"

"Yote. Inavuta pumzi."

Akaona aibu kwa kusema hivyo, akaenda kufuta vioo vya darubini.

Tangu siku hiyo msanifu alikwenda kinamasini kila asubuhi, hata siku ambazo hapakuwa na cha kupima. Udongo ule mweusi ulikuwa mizizi na majani ya miaka na miaka, yaliyolaliana bila kuoza yakaisha, na ukiukanyaga ulibonyea, halafu ukakurudisha juu kidogo, kama unakusukuma uendelee na safari. Alijifunza kutembea bila haraka. Alijifunza kwamba ukisimama kimya, matete yanaanza kusema upande ambao upepo bado haujafika. Yangeyange, wale ndege weupe wa majini, walimzoea. Wakati mwingine aliketi juu ya sanduku la vifaa, akafumba macho, na hakuweza kusema kama ni yeye anayepanda na kushuka au ni sanduku, na mtoto tumboni, mdogo kuliko kidole gumba, alikuwa mahali fulani katikati ya mambo hayo yote, naye akielea.

Mimba ilipofika mwezi wa tano akaona damu.

Daktari alimwonyesha kwenye kioo cha mashine. Kondo la nyuma lilikuwa limekaa chini, limeziba njia. Mtoto mzima, moyo unadunda vizuri, lakini mama alale. Asiinue kitu. Asipande ngazi. Asiendeshe gari kwenye barabara ya mashimo.

"Na kinamasini?" msanifu aliuliza.

Daktari alimtazama juu ya miwani. "Mama, nimesema ulale. Kinamasi kinahusianaje na kulala?"

Mumewe alikuwa fundi cherehani, na duka lake lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao. Alihamisha kitanda hadi chumba cha nyuma chenye dirisha kubwa, akatoboa tundu dogo ukutani kupitisha kamba, na ncha ya kamba ile akaifunga kwenye kengele ya baiskeli juu ya cherehani. "Ukitaka kitu, vuta, mama kijacho," alisema. "Hata kama ni maneno tu."

Basi msanifu akalala. Mchana kutwa cherehani ilisikika ukutani, ikikimbia, ikisimama, ikikimbia tena. Mwanga wa dirisha ulitembea kutoka kabatini mpaka miguuni pake, kisha ukapanda ukutani na kuondoka. Alichora akiwa ameegemea mito mitatu, ubao juu ya mapaja, na aliposinzia penseli ilibaki mkononi ikichora mistari isiyokuwa nyumba za mtu yeyote.

Alhamisi alikuja Milimita. Alivua viatu mlangoni, akaketi kwenye kigoda cha duka, akafungua daftari, akasoma.

"Kigingi cha kwanza, kimeshuka milimita mbili. Cha pili, mbili. Cha tatu, palepale. Kuna kiota karibu na cha tatu, nimezunguka mbali. Cha nne, kimeshuka tatu."

Msanifu alifumba macho na kuona kila mahali alipotajiwa. Aliposikia namba zinashuka, alihisi kitanda nacho kinashuka, polepole, pamoja na kabati na dirisha na sauti ya cherehani, na alikuwa tayari kuapa kwamba kiangazi kilipofika mwisho chumba kizima kilikuwa chini ya mahali kilipoanzia. Ndotoni aliziona nyumba alizokuwa akizichora zikiwa zimesimama juu ya miguu myembamba, zikiinua miguu hiyo mmoja baada ya mwingine kupisha maji, bila kurusha hata tone.

Zege alikuja mara moja kwa wiki na mfuko wa machungwa. Hakuweza kukaa. Alisimama dirishani, akaketi, akasimama.

"Wateja wananiuliza kila siku, dada. Mvua zikianza, lori haliingii. Tutakuwa tumepoteza mwaka."

"Tulikubaliana."

"Tulikubaliana ukiwa mzima," alisema. Aliposikia alichokisema akajaribu kukirudisha. "Sikumaanisha hivyo. Namaanisha, ungekuwepo mwenyewe..."

"Nipo," msanifu alisema. "Nimelala tu."

Zege akamenya chungwa, akaliacha kwenye sahani bila kulila, akaaga.

Wiki mbili baadaye wifi yake, mke wa Zege, alikuja kumsuka. Wifi huyo alikuwa na kawaida ya kusema jambo zito akiwa nyuma ya kichwa cha mtu, mahali asipoonekana uso. Alikuwa amefika msuko wa nne aliposema, "Wifi, mimi sitaki kuonekana mchonganishi. Ila malori yameingia kule."

"Malori gani?"

"Ya kifusi. Kona ile ya kushoto. Amesema ni kona tu, ajenge nyumba moja ya mfano watu waione." Vidole vyake vikasimama. "Usishtuke, tafadhali. Daktari amesema usishtuke."

Msanifu hakushtuka. Aliweka mkono juu ya tumbo na kuuacha hapo. Alimpigia Zege simu, haikupokelewa. Akapiga tena jioni. Zege alipopokea, alikuwa na furaha ya mtu mwenye hatia.

"Dada, ungeiona! Imekubali kabisa. Tumeshindilia, unaweza kucheza mpira pale. Sasa wewe pumzika, utanishukuru."

Alhamisi iliyofuata Milimita hakusoma mpaka alipokunywa maji. "Vigingi vya kona ya kushoto, vile vilivyobaki," alisema. "Vimeshuka. Sentimita kumi na moja." Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akitumia sentimita. "Na mita ishirini kutoka pale, ambapo hakuna aliyegusa kitu, ardhi imeinuka. Imevimba kama mgongo."

Mumewe, aliyekuwa ameingia na chai, akaketi ukingoni mwa kitanda ili asikilize. Godoro likadidimia upande wake, na msanifu na tumbo lake wakainuka kidogo na kumwelemea.

Wote watatu wakatazama godoro.

"Ndiyo hivyo hasa," alisema Milimita.

Mvua zilianza siku hiyohiyo alasiri. Zilinyesha siku tisa. Msanifu alizisikiliza kwenye bati, akijua kila tone lililokuwa likianguka kinamasini lilikuwa linatafuta nafasi yake ya zamani kwenye kona ya kushoto na kukuta imekaliwa. Hakumpigia tena mdogo wake. Hakuwa na nguvu za kugombana, na daktari alikuwa amemkataza hata kucheka sana.

Kilichotokea baadaye alisimuliwa na Zege mwenyewe, aliyekuja bila machungwa na kuketi sakafuni karibu na kitanda, mgongo ukutani.

Fundi baiskeli mmoja, mkazi wa nyumba zile za ng'ambo, alikuwa amefika ofisini kwake, suruali imekunjwa hadi magotini. Hakufoka. Alisema tu, "Jirani, kesho saa kumi nakukaribisha chai nyumbani." Zege hakatai mwaliko. Alikwenda amenyoa ndevu, kabeba mkate.

"Karibu ndani," fundi alimwambia mlangoni. "Usivue viatu."

Ndani kulikuwa na maji sakafu nzima, kina cha kiganja, yametulia, majani ya matete yakielea polepole kutoka sebuleni kwenda jikoni. Miguu ya meza ilikuwa juu ya matofali. Binti wa nyumba alikuwa juu ya kochi, kakunja miguu, anafanya hesabu za shule. Mke wa fundi akamimina chai. Wakaulizana hali. Wakaulizana habari za kazi, na za afya ya dada yake mgeni. Hakuna aliyesema neno juu ya maji. Mwanga wa alasiri uliingia mlangoni, ukagonga maji, ukawa unatetemeka darini, kwenye nyuso zao na ndani ya vikombe. Ndala moja ilipita ikielea, ikagusa kiatu cha Zege, ikaendelea na safari.

"Nimekunywa vikombe vitatu, dada," Zege alisema. "Kila nikitaka kusema kitu, najikuta naomba niongezewe."

"Halafu?"

"Halafu nikauliza, hivi zamani yalikuwa yanaingia? Yule baba akasema, miaka ishirini na sita hayajawahi. Akaniuliza kama sukari inatosha."

Aliinamisha kichwa. Msanifu alimtazama utosi, ambao ulikuwa umeanza upara bila yeye kujua, na akakumbuka kwamba yeye ndiye aliyemfundisha kufunga kamba za viatu.

"Kitoe," alisema.

"Lori haliingii tena. Njia yote tope."

"Basi kitoe bila lori."

Zege alikitoa. Ilimchukua mwezi mzima na siku kadhaa, vibarua sita na yeye wa saba, kwa matoroli juu ya mbao zilizolazwa topeni, kifusi kikirudi barabarani kidogokidogo. Wifi alisema jioni alikuwa anasinzia na kijiko mkononi. Maji yaliondoka sebuleni kwa fundi baiskeli wiki ya pili. Milimita aliendelea kusoma: kona ile ilipanda, lakini si yote. Ilibaki chini sentimita sita, na hapo ikagoma.

Zege alipomaliza, alikuja chumba cha nyuma na kiti chake mwenyewe, akakiweka karibu na kitanda, akasema, "Haya. Nionyeshe."

Wakachora pamoja. Hapo ndipo msanifu alipogundua kwamba wateja wake wote wa zamani hawakuwahi kumuuliza maswali magumu kama ya mdogo wake.

Alimwonyesha kwamba nyumba hazitakuwa sitini, ni kumi na tisa. Kumi zingekaa kwenye ukanda mkavu karibu na barabara, zikibanana kirafiki, na tisa zingesimama ukingoni, juu ya nguzo za chuma zenye ncha ya parafujo, zinazozungushwa kushuka ardhini bila kuchimba wala kumwaga kitu. Katikati ya kinamasi pasingeguswa. Pasingekuwa na ukuta, maana maji na wanyama hawana funguo. Maji ya kuogea na ya jikoni yangepita kwenye vitalu vya matete yaliyopandwa ndani ya kokoto, yachujwe kabla ya kwenda popote. Taa za nje zingetazama chini, ziwe na rangi ya asali, ndege wasichanganyikiwe. Magari yangeishia barabarani, na kutoka hapo ni njia za mbao tu.

"Ngoja hapo," alisema Zege. "Mtu atoke kwenye gari atembee mita mia na hamsini na mifuko ya sokoni?"

"Kutakuwa na mikokoteni."

"Na mtu mnene? Na bibi mwenye magoti mabovu?"

"Huyo anapewa nyumba ya mbele."

"Na mimi?"

"Wewe una magoti mabovu?"

"Mimi mnene," Zege alisema, na msanifu alicheka mpaka akashika tumbo, na mumewe akapiga ukuta kutoka upande wa pili kuwakumbusha.

Jambo moja tu liliwashinda. Nguzo zilifika kwenye udongo mgumu chini kabisa, kwa hiyo nyumba isingesogea hata unywele. Lakini ardhi iliyo chini yake ilikuwa ikipanda na kushuka karibu sentimita kumi kwa mwaka, na njia za mbao zilizolala juu yake zingepanda na kushuka nayo. Nyumba imesimama, njia inatembea, na mabomba yapo katikati. Yangekatika. Msanifu alichora usiku na mchana kichwani, akachora karatasini, akafuta. Zege alipendekeza zege, kwa mazoea tu, akajinyamazisha mwenyewe.

Siku moja mchana mumewe aliingia na gauni jipya begani, pini mdomoni. Magauni yote ya zamani yalikuwa yamekataa tumbo. Alimsaidia kukaa, akampitishia gauni kichwani, akalivuta mbele.

"Nimekuwekea marinda sita hapa," alisema, akitoa pini moja moja. "Tumbo likikua yanafunguka, likipungua yanarudi. Nguo haichaniki, na wewe huhisi kubanwa. Geuka kidogo."

Msanifu hakugeuka. "Rudia."

"Rudia nini?"

"Ulichosema."

Fundi alirudia, akidhani ameharibu kitu. Msanifu alikamata rinda moja katikati ya vidole viwili, akalifungua, akaliachia likajikunja, akalifungua tena. Kisha akaomba ubao wake. Alichora bomba lililojikunja mara tatu kama rinda, likining'inia chini ya sakafu ya nyumba, likiwa na urefu wa ziada unaofunguka ardhi ikishuka na kujikunja ikipanda. Alichora mwisho wa njia ya mbao ukiwa na bawaba, na ubao mmoja mrefu unaoteleza juu ya kizingiti. Mumewe alikuwa amesimama tu, pini moja bado mdomoni, akitazama gauni lake likigeuka bomba.

Zege alipooneshwa, aliugeuza mchoro juu chini, akaurudisha. "Kwa hiyo sasa nyumba zinashonwa," alisema. Halafu akachukua penseli na kurekebisha bawaba, kwa sababu ile aliyoichora dada yake ingeshika kutu mwaka wa kwanza.

Ramani zilipelekwa ofisi ya mipango miji zikiwa na nakala ya daftari la Milimita imeambatishwa. Afisa aliyezipokea alitafuta ukuta kwenye kila ukurasa. "Uzio umesahaulika," aliandika pembeni kwa wino mwekundu. Zege alikwenda mwenyewe kumweleza, na aliporudi alisema amemweleza kwa saa mbili na amemkaribisha chai.

Mtoto alikuja wiki nne kabla ya siku zake. Damu ilirudi asubuhi moja ya mvua, na safari hii haikuwa kidogo. Msanifu alivuta kamba. Mumewe akamfikisha hospitali akiwa bado na futi ya kupimia shingoni. Walimchoma sindano ya mgongo, wakatandika kitambaa cha kijani mbele ya uso wake, na kutoka kifuani kwenda chini mwili ukaacha kuwa wake. Hakuogopa kama alivyodhani ataogopa. Alisikia vyuma vikigongana kwenye sinia, na mvua dirishani. Alihisi akivutwa huku na huku bila maumivu, kama ubao unaotolewa topeni na watu wenye subira, na kwa muda fulani hakuwa hospitali, alikuwa amelala chali juu ya maji meusi, matete yameinama pande zote, na kila kitu chini yake kilikuwa kinapanda. Kilipanda mpaka kikafika mahali ambapo kisingeweza kupanda zaidi. Kisha mtu akalia, kwa hasira, sauti ndogo, na mkunga akasema, "Binti."

Alasiri Milimita alifika wodini, viatu mkononi, mpaka nesi akamwambia avivae. Alisimama mbali na kitanda cha mtoto kama anayeogopa kukisogeza.

"Ana urefu gani?" aliuliza.

"Sentimita arobaini na sita," nesi alijibu.

"Na milimita?"

Nesi alidhani anatania. Msanifu, ambaye alikuwa anaumwa kila mahali, alimwomba asimchekeshe. Milimita akatoa kalamu, akaandika kitu nyuma ya daftari lake, na hakusema ameandika nini.

Kibali kilitoka, na ujenzi ulichukua viangazi viwili. Nguzo zilizungushwa na watu wanne wakitembea kwa duara, wakisukuma mti mrefu uliofungwa kichwani mwa nguzo, wakiimba ili wasipishane hatua, na Zege aliyekuwa amezoea mashine zenye kelele alikaa kwenye ndoo akiwatazama kama mtu aliye kanisani. Mambo mengine hayakwenda vizuri. Mbao za njia zilibanana mno, kivuli chake kikaua majani yaliyo chini, ikabidi zing'olewe zote na kupigiliwa upya kwa nafasi. Wateja wawili walijitoa kwa sababu ya magari. Mama mmoja wa nyumba ya saba alikuja kumlalamikia msanifu kuhusu vyura, akitaka kujua wananyamaza saa ngapi, na alipoambiwa ukweli alihama, akarudi baada ya miezi mitatu akisema mjini hapati usingizi. Kona ya kushoto haikurudi kuwa kama ilivyokuwa. Imebaki kidimbwi chembamba ambacho mvua zikiisha hakikauki. Zege akipita hapo hupunguza sauti.

Msanifu na fundi cherehani walichukua nyumba ya ukingoni iliyokamilika kwanza, wakahamia binti yao akiwa bado anatambaa. Cherehani iliwekwa dirishani, na ikikimbia, sakafu ya mbao huitikia kwa mlio mdogo unaofika mpaka kwenye maji. Fundi baiskeli wa ng'ambo ndiye anayetengeneza magurudumu ya mikokoteni. Huja Jumamosi, hunywa chai, huangalia sakafu kwa jicho la pembeni, huondoka.

Binti yao alijifunza kutembea kwenye njia za mbao, mama yake nyuma yake, mkono tayari. Njia zile hubonyea ukizikanyaga, na msimu wa mvua huwa juu, na kiangazi huwa chini, na mtoto hakujua kwamba kuna ardhi ya namna nyingine. Alipofikisha mwaka na nusu walimpeleka kliniki mjini kupimwa uzito. Nesi akamweka chini kwenye sakafu ya vigae. Mtoto alipanua miguu, akanyoosha mikono pembeni, na akabaki amesimama hivyo katikati ya chumba, akiyumba taratibu sana, macho yamemtoka, akisubiri sakafu ibonyee.

"Ana tatizo la masikio huyu? Mbona anayumba?" nesi aliuliza.

"Hapana," alisema msanifu. Alivua viatu, akaenda kusimama kando ya binti yake, akampa kidole cha kushika. Nyuma yao akina mama kumi na watoto wao walikuwa kwenye foleni wakingoja zamu, na hakuna aliyewaharakisha.